Mwongozo Kamili: Kurekodi Safari ya Pikipiki ya Peke Yako Kutoka Mombasa Hadi Tanga kwa Kamera Ndogo

Kila baada ya muda kuna kijana ananiletea kadi yake ya memori na kuniomba nimsaidie kutengeneza filamu ya safari. Amevuka Lunga Lunga, amefika Tanga, pengine amepanda hadi Lushoto. Naifungua kadi: saa 14 nzima za lami. Lami, mgongo wa lori, lami tena, na upepo unaovuma mpaka sauti yake mwenyewe haisikiki. Yeye haonekani hata mara moja, ila kivuli chake pembeni mwa barabara. Mama aliyempa maji hayumo. Mzee aliyemwonyesha njia hayumo.

Kamera yake haina kosa. Anayesafiri peke yake hana mtu wa kumpiga picha, na kamera iliyofungwa kwenye helmeti huona kilicho mbele yake tu. Basi safari ya mtu mmoja hurekodiwa zaidi akiwa ameshuka kuliko akiwa amepanda. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya jambo hilo.

Mfano wangu ni njia ya Mombasa kwenda Tanga kupitia Ukunda na mpaka wa Lunga Lunga (Kenya) na Horohoro (Tanzania), yapata kilomita 170. Ni safari ya nje ya nchi inayoweza kufanywa kwa siku moja bila haraka, lami tupu, na lugha ni moja pande zote mbili. Ukiiweza hii, utaiweza ya mbali zaidi.

Vitu vya kuwa navyo

Kamera ndogo ya vitendo yenye kutuliza mtikisiko: GoPro, DJI Osmo Action au Insta360. Si lazima iwe toleo la mwaka huu. Afadhali kamera ya zamani yenye betri tatu kuliko mpya yenye betri moja, maana betri moja haidumu siku nzima ya kurekodi.

Kadi mbili za microSD za GB 128, zenye alama ya V30. Alama hiyo maana yake kadi inaweza kuandika angalau megabaiti 30 kila sekunde bila kukwama. Usinunue moja kubwa badala ya mbili: ikiharibika moja, umepoteza nusu tu ya safari.

Kishikio cha kidevuni cha helmeti, na kamba fupi ya kuizuia kamera isianguke.

Maiki ndogo ya kubana kwenye kola, yenye waya na sifongo, pamoja na adapta inayokubaliana na kamera yako.

Tripodi fupi inayoingia kwenye begi. Hii ndiyo watu huiacha nyumbani, na ndiyo utakayoitumia kuliko kitu kingine chochote.

Chaja ya USB iliyounganishwa na betri ya pikipiki, yenye fyuzi yake. Mwambie fundi aipitishe kwenye swichi ya ufunguo, ili isinyonye betri usiku kucha ukaamka pikipiki haiwaki.

Kisoma kadi cha kuchomeka kwenye simu, na diski ndogo ya nje.

Kitambaa laini cha lenzi, chupa ya maji matamu, vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu, daftari na kalamu.

Kisanduku kigumu au begi lisilopitisha maji. Hapa nasisitiza: usiifunge kamera kwa mifuko ya plastiki ya dukani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Usianze safari kwa kubishana mpakani kuhusu mfuko.

Na karatasi zako, kwa ufupi: pasipoti, leseni, logbook ya pikipiki, bima ya kadi ya njano ya COMESA, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kama pikipiki bado ina mkopo na logbook ina jina la mkopeshaji, omba barua ya ruhusa kutoka kwake mapema.

Simu yako je? Itumie kwa ramani na mahojiano, lakini usiifunge moja kwa moja kwenye usukani. Mwaka 2021 Apple yenyewe ilitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone. Ndani yake mna kilenzi kinachoelea ili kutuliza picha, na mtetemo wa kila siku hukichosha. Ukilazimika kuifunga, weka kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo.

Hatua ya 1: Andika swali la safari kabla hujajaza tangi

Chukua daftari, andika sentensi moja: naenda kutafuta nini? Kufika tu Tanga hakutoshi, kwa sababu basi pia linafika Tanga.

Safari yangu ya kwanza iliyokaa sawa ilikuwa na swali dogo. Wadigo tuko pande zote mbili za mpaka, Kwale huku na Mkinga kule, na bibi yangu alikuwa akimtaja dada yake aliyeolewa ng'ambo kabla sisi hatujazaliwa. Niliandika: "Nyumba ya dada yake bibi bado ipo?" Sentensi hiyo iliniambia nirekodi nini na niache nini. Matuta ya barabarani niliyaacha. Mzee wa kijiji akikuna kichwa kukumbuka jina la ukoo, huyo nilimrekodi.

Swali lako laweza kuwa korosho kutoka shambani hadi kwenye kikapu cha muuzaji, au machungwa ya Muheza, au mkonge. Chini yake orodhesha picha kumi unazozitaka kwa hakika. Bandika orodha hiyo juu ya tangi au juu ya begi la mbele, mahali utakapoiona kila unaposimama.

Umefaulu ukiwa unaweza kumweleza mtu safari yako kwa pumzi moja, naye akakuuliza, "Kisha?"

Hatua ya 2: Panga kamera ukiwa nyumbani, si barabarani

Anza na saa. Weka tarehe na wakati sahihi, kwa sababu faili zote utazipanga kwa hiyo. Kisha amua: daftari lako litaandikwa kwa saa ya Kiswahili au kwa saa ya kamera? Kamera ikisema 06:30, wewe unasema saa kumi na mbili na nusu. Nimeshinda usiku kutafuta klipu ya "saa tatu" kwenye faili za alasiri, kumbe ilikuwa ya asubuhi. Chagua moja, andika kwenye ukurasa wa kwanza, usibadilishe.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya picha:

Weka mfumo wa 50 Hz, ambao kwenye kamera nyingine huitwa PAL, na urekodi fremu 25 kwa sekunde. Umeme wa Kenya na Tanzania ni wa 50 Hz. Ukirekodi kwa fremu 30, taa za duka na za chumba cha wageni zitapepesa kwenye video, na hakuna dawa nzuri ya kuliondoa hilo baadaye.

Chagua 4K kama simu au kompyuta yako inaweza kuibeba. Kama inakwama, shuka hadi 1080p bila aibu. Hesabu ni hii: 4K kwa megabiti 60 kwa sekunde hula GB 27 kila saa, kwa hiyo kadi ya GB 128 hubeba zaidi kidogo ya saa 4 na nusu. 1080p ya megabiti 30 hula nusu ya hapo, na kadi hubeba saa mara mbili.

Washa kutuliza mtikisiko, na kama kamera ina uwezo wa kuuweka upeo wa macho sawa, uwashe pia. Kwenye kona pikipiki inalala, na upeo ukilala nayo mtazamaji huumwa na kichwa.

Funga rangi (white balance) kwenye kipimo kimoja, kama 5500K. Ukiiacha ijichagulie, kila ukipita chini ya mwembe barabara itageuka buluu, ukitoka itageuka manjano, na klipu mbili za dakika moja zitaonekana kama za nchi mbili.

Sasa jaribu kadi. Kadi bandia ziko tele, zimeandikwa GB 128 na ndani zina chini ya hapo: hupokea kila kitu, kisha faili za mwisho hazifunguki. Ijaze kadi mpaka mwisho kwa video zozote, kisha fungua ya mwisho uitazame. Kuna programu za bure za kazi hiyo, H2testw kwa Windows na F3 kwa Mac na Linux. Fanya hivi siku uliyoinunua, ungali na risiti.

Hatua ya 3: Funga kamera kidevuni

Kidevuni, si utosini wala ubavuni. Ikiwa utosini, kamera inakuonyesha mrefu kama mnara na inavuta shingo kila upepo ukipiga. Ikiwa ubavuni, nusu ya picha ni shavu la helmeti. Kwenye kidevu kamera hukaa karibu na usawa wa macho, na mtazamaji huona mikono yako ikifanya kazi kwenye usukani. Mikono hiyo ndiyo inayomwambia kuwa kuna mtu.

Safisha plastiki kwa spiriti, subiri ikauke, bandika gundi, uiache siku nzima kabla ya kuipa mzigo. Unyevu wa Pwani huchelewesha gundi kushika. Usitoboe helmeti kwa skrubu hata kama fundi amekuambia ni kitu kidogo. Ganda lililotobolewa limeshapoteza nguvu mahali pale pale litakapohitajika.

Elekeza lenzi ukiwa umekaa kwenye pikipiki kwa mkao wa kuendesha, si ukiwa umesimama mbele ya kioo. Vioo vya pembeni vionekane chini ya picha, na upeo upite juu kidogo ya katikati. Ukiona tangi limejaa nusu ya picha, kamera imeinama mno.

Funga kamba ya usalama kwenye sehemu nyingine ya helmeti, si kwenye kishikio kile kile. Kishikio kikibanduka na kamba imefungwa hapo hapo, vyote vinaondoka pamoja.

Kisha panda ufanye jaribio: Bombolulu hadi Mtwapa na kurudi. Tazama video nzima kwenye skrini kubwa. Majengo yakiyumba kama uji, kishikio kimelegea. Mistari ya barabara ikikaa imara na maandishi ya vibao yakisomeka, endelea.

Hatua ya 4: Sauti kwanza, kuliko unavyodhani

Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu. Sauti ya upepo haivumilii hata dakika moja.

Ingiza maiki ndani ya helmeti, ibane kwenye sponji karibu na pembe ya mdomo, si mbele ya pumzi. Pitisha waya chini ya sponji ya shavu, utokee kidevuni kwenda kwenye kamera. Visha maiki sifongo chake. Kisha ongea ukiwa kwenye kilomita 40, 60 na 80 kwa saa, usikilize tofauti. Kila mtu ana mwendo wake ambapo sauti inapotea, ujue wako.

Zingatia na majira. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini, na wewe unaelekea Tanga unaupokea usoni njia nzima. Wakati wa kaskazi unakusukuma mgongoni, na helmeti inakuwa tulivu kwa ajabu. Ukisafiri kusi, panga maneno yako muhimu uyaseme umesimama, injini imezimwa.

Na kila unaposimama, rekodi dakika moja ya sauti ya mahali bila kusema neno. Asubuhi ile kabla sijaondoka nilikaa kibarazani Mji wa Kale, muuza kahawa akapita na dele lake, akigonganisha vikombe vyake viwili vya udongo kwa mkono mmoja: kling-kling, kling, kling-kling. Niliweka kamera juu ya baraza, nikanyamaza. Sauti hiyo nimeitumia mwanzo wa filamu juu ya picha nyeusi, kabla hakijaonekana chochote, na kila mtu wa Mombasa aliyeitazama alijua yuko wapi.

Hatua ya 5: Kuondoka na nidhamu ya barabarani

Toka alfajiri. Barabara ya Lunga Lunga inaelekea kusini magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni mwako na kila kilicho mbele kimeangazwa vizuri. Ukirudi alasiri jua liko tena mgongoni. Ukienda kinyume na utaratibu huu utarekodi vivuli vyeusi na mng'ao kwenye lenzi. Saa za adhuhuri jua liko utosini, nyuso zote zina matundu meusi machoni. Zitumie kula na kupumzika.

Ukivuka kwa feri ya Likoni, zima kamera kabla ya kuingia na uigeuze au uivue kabisa. Feri na kambi zake ni mahali pa ulinzi, na taa nyekundu inayommulika mlinzi usoni itakugharimu asubuhi nzima. Ukipita barabara ya Dongo Kundu, inayokwepa feri, huna shida ya foleni, lakini bandari iko jirani. Usisimame kupiga picha.

Ukiwa barabarani, usiwashe kamera ukaiacha iendelee. Rekodi klipu za sekunde 30 hadi dakika mbili, na uziwashe kwa sababu: unaingia mji, barabara imebadilika, hali ya hewa imebadilika, au unakaribia kitu kilicho kwenye orodha yako. Miwa ya Ramisi ikianza kuonekana, washa. Ikiisha, zima. Betri itadumu, na jioni hutatafuta sindano kwenye mchanga.

Onyo kubwa kuliko yote: usiguse kamera pikipiki ikiwa inatembea. Usiangalie kama taa inawaka, usirekebishe pembe. Toa ishara, teremka kando, weka stendi, ndipo uguse. Upande wa Tanzania zingatia kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi. Askari wa barabarani wako makini, nawe uko peke yako ugenini.

Kamera ikipata moto, mara nyingi ni wakati umesimama juani bila upepo. Ivue uiweke kivulini, usiiache ikichomwa na jua juu ya tangi. Usiimwagie maji baridi ikiwa ya moto: mvuke utaganda ndani ya lenzi.

Hatua ya 6: Jipige picha mwenyewe ukipita

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Chagua mahali unapoweza kuona mbali pande zote mbili, barabara imenyooka, pembeni pana nafasi ya kugeuza pikipiki bila kukatiza magari. Usifanye hivi kwenye kona wala juu ya mlima, picha iwe nzuri namna gani.

Tafuta mtu wa kukuangalizia kamera. Kwenye kila kibanda cha korosho au madafu yupo. Shuka, vua helmeti, salimu kwanza: shikamoo kwa mkubwa, salamu kamili, habari za hapa. Nunua kitu. Kisha eleza: "Mama, nasafiri peke yangu, sina wa kunipiga picha. Naomba niweke kamera hii hapa, nipite mara mbili, nirudi." Sijawahi kunyimwa. Mara nyingi yeye ndiye ameniambia, "Hapo hapafai, weka huku, utaonekana vizuri."

Weka tripodi chini kabisa, karibu na majani, lenzi ikitazama unakotokea. Washa. Rudi nyuma mita 200 au 300, geuza kwa usalama, subiri barabara iwe tupu, pita kwa mwendo wako wa kawaida bila kuitazama kamera. Endelea mpaka upotee machoni. Watu hukata hapa: wanafunga breki mara tu wakipita, na picha inakosa mwisho.

Rudi, geuza tripodi itazame unakokwenda, pita mara ya pili. Sasa una kuja na kwenda.

Kabla hujaondoka, piga picha tatu za karibu: mkono ukivaa glovu, ufunguo ukizungushwa, vumbi kwenye buti. Kila moja sekunde kumi bila kutikisika. Hesabu moja hadi kumi moyoni, kwa sababu sekunde tatu zinazotosha machoni pako hazitoshi unapokata filamu mezani.

Zoezi lote lachukua robo saa na kukupa sekunde nane za filamu. Lifanye mara nne kwa siku, si zaidi: moja ukitoka, moja kabla ya mpaka, moja baada yake, moja jioni. Umefaulu ukitazama klipu hizo na kumwona mtu anayesafiri, hata kama sauti imezimwa.

Hatua ya 7: Mpakani, na kamera mbele ya watu

Kilomita moja kabla ya Lunga Lunga simama, ivue kamera kwenye helmeti, itie ndani ya begi. Usiifiche kifuani, iweke begini kama kitu cha kawaida. Lunga Lunga na Horohoro ni kituo cha pamoja, na taratibu za nchi zote mbili hufanywa upande unaoingia, kwa hiyo ukitoka Kenya utamalizia zote Horohoro. Ofisa akiuliza kamera ni ya nini, sema kweli na kwa ufupi. Irudishe kwenye helmeti ukishaacha eneo lote la mpaka nyuma yako.

Sheria ile ile hushika kwa polisi, wanajeshi, vizuizi, madaraja makubwa na bandari. Droni iache nyumbani. Nchi zote mbili zinataka kibali, na kibali hakipatikani kwa kuombwa mpakani.

Kuhusu watu: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini hata pasipo sheria, uso wa mtu ni wake. Vua helmeti, salimu, kaa, eleza, kisha omba. Akikubali, washa kamera na umwombe akubali tena ikiwa inarekodi. Sekunde hizo tano zihifadhi, usizifute. Watoto usiwarekodi bila mzazi. Msikitini na msibani kamera ikae mfukoni.

Nilipompata yule dada yake bibi, niliacha kamera kwenye pikipiki. Niliingia, nikashika mkono wake, nikajitambulisha kwa jina la bibi, tukakaa. Alilia kidogo. Baada ya chai nikamuuliza kama naweza kurekodi maneno machache. Aliniambia nisubiri, akaingia chumbani, akatoka na leso mpya mabegani. Hapo ndipo nilipoiwasha. Kilio sinacho kwenye kadi, na sikijutii. Ninacho anavyoiweka sawa leso ile mara tatu kabla hajaanza kusema.

Katika mahojiano, weka kamera kwenye tripodi usawa wa macho yake, mtu akiwa kivulini na uso umegeukia mwanga. Bana maiki kwenye leso au kola. Uliza swali moja, kisha nyamaza. Akimaliza, hesabu hadi tano kabla ya kuuliza jingine. Mara nyingi jibu lenyewe hutokea ndani ya ukimya huo.

Hatua ya 8: Nusu saa ya kila jioni

Fanya kabla ya kuoga, kwa sababu ukishaoga utalala.

Nakili kadi kwenye diski. Fungua faili tatu, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, utazame kama zinacheza. Usifute kadi. Kadi hukaa mfukoni mwako, diski hukaa begini. Begi likiibwa unabaki na kadi, na kadi ikianguka baharini unabaki na diski. Faili za mahojiano zinakili na kwenye simu pia.

Wenye GoPro waelewe majina ya faili: rekodi ndefu hukatwa vipande, na GX010034 na GX020034 ni kipande cha kwanza na cha pili cha rekodi moja, namba 0034. Wengi hufikiri cha pili ni nakala na kukifuta.

Kisha daftari: jina la faili, mahali, nani, alisema nini. Mistari kumi tu inatosha.

Mwisho, usafi. Chumvi ya Pwani hukaa kwenye lenzi kama utando usioonekana, na jua likipiga kila kitu kinakuwa maziwa. Funga vifuniko vyote, kama kamera yako haipitishi maji isuuze kwa maji matamu, ikaushe, ndipo ufute lenzi. Ukifuta kikavu chumvi hukwaruza kioo. Ilaze kwenye kisanduku chenye silika jeli, mlango wa betri ukiwa wazi. Betri zote kwenye chaji.

Hatua ya 9: Kukata na kuunganisha filamu

Subiri siku mbili tatu baada ya kurudi. Kisha usianze na picha, anza na sauti. Panga maneno ya mahojiano na maneno yako mwenyewe mpaka hadithi isikike ukiwa umefumba macho. Baada ya hapo weka picha juu yake. CapCut inatosha kwa simu. Kwa kompyuta, DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye kila kitu utakachohitaji.

Barabara usiipe zaidi ya theluthi moja. Kipande kimoja cha lami kisizidi sekunde nane ila kama kuna jambo linatokea. Muziki tumia wenye ruhusa, au zile dakika za sauti ya mahali ulizokusanya. Kwa safari ya siku mbili, dakika kumi zinatosha.

Mwonyeshe mtu ambaye hakuwepo, kaa nyuma yake, utazame mkono wake. Pale anapogusa simu, andika dakika. Ukate hapo.

Ukimaliza, watumie waliomo kabla hujawaonyesha wengine. Asiye na simu ya kuonea video, chapisha picha yake studio, saizi ya kutundika ukutani. Andika nyuma tarehe na mahali, uitie kwenye bahasha ngumu, na uwape watu wa basi la Tanga wakiwa na jina na namba ya mtu wa kuipokea stendi.